Klasi Yenye Wazazi Wawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Urithi wa Wazazi Wengi

Anayejifunza Python leo huambiwa mambo mawili yasiyopatana. Darasani anaambiwa kwamba klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea objekti, yenye mzazi zaidi ya mmoja ni hatari na aikwepe. Wiki inayofuata anafungua Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, na klasi ya kwanza anayokutana nayo ina wazazi wawili kwenye mabano. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi juu ya jambo hili, na wanaoanza na hata na waliokaa miaka mingi kwenye kazi hii. Mifano mingi ni ya Python kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakoanzia, lakini lugha za C++, Java na Eiffel zitapita pia, maana kila moja ilijibu swali hili kwa njia yake.

Urithi wa wazazi wengi ni nini hasa?

Ni pale klasi moja inapochukua tabia na data kutoka kwa klasi mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Neno lenyewe "urithi" linaweza kukupotosha kidogo, kwa sababu tukisikia mirathi tunafikiria mtu amefariki na mali inagawanywa, huyu theluthi, yule nusu. Kwenye programu mzazi yu hai na hakuna kinachogawanywa. Kila mtoto anapata vyote. Ni afadhali ufikirie urithi wa sura na tabia: mtoto ana macho ya mama na mwendo wa baba. Swali linaanza pale baba na mama wote wawili wanapokuwa na jambo lenye jina moja. Mtoto achukue la nani?

Unanifaa nini? Nataka mfano wa kweli, si wa mbwa na paka.

Fungua moduli ya `socketserver` inayokuja na Python yenyewe. Ndani yake kuna klasi `TCPServer`, seva inayotumia TCP, moja ya kanuni za mawasiliano ya mtandao. Seva hiyo hushughulikia mteja mmoja kwa wakati: wa pili akija, anasubiri wa kwanza amalize. Kando yake kuna klasi nyingine fupi sana, `ThreadingMixIn`, ambayo haijui chochote kuhusu TCP. Kazi yake ni moja tu: ombi likiingia, ianzishe uzi mpya (kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine ndani ya programu) wa kulishughulikia ili seva irudi mlangoni kupokea wengine. Seva inayohudumia wateja wengi kwa pamoja inapatikana hivi:

```
class ThreadingTCPServer(ThreadingMixIn, TCPServer):
    pass
```

Mwili wa klasi ni mtupu. Klasi fupi kama hiyo ya kuchanganywa na nyingine huitwa miksini. Miksini hiyohiyo ukiiweka juu ya `UDPServer`, ya kanuni nyingine ya mtandao, unapata seva ya UDP yenye nyuzi. Toleo la Python 3.7 lilipoongeza `ThreadingHTTPServer`, lilitumia njia hiyohiyo. Ipo pia `ForkingMixIn`, inayozaa mchakato mpya badala ya uzi.

Sasa piga hesabu. Moduli hiyo ina aina nne za seva: TCP, UDP, na mbili za soketi za Unix. Namna za kuhudumia ni tatu: mmoja mmoja, kwa nyuzi, au kwa michakato. Hiyo ni michanganyiko 12, lakini msimbo wenye akili umeandikwa kwenye klasi nne na miksini mbili. Kwa urithi wa mzazi mmoja ungelazimika kunakili mantiki ya nyuzi mara nne, na siku ukigundua hitilafu ndani yake unairekebisha mara nne, ukikumbuka.

Nikiulizwa faida ya urithi huu ni ipi, hujibu kwa moduli hii. Pale mambo mawili yanapobadilika bila kutegemeana, kila moja liandikwe peke yake, na mtumiaji ayaunganishe mwenyewe.

Hilo neno miksini limetoka wapi?

Limetoka kwenye aiskrimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye kompyuta za lugha ya Lisp katika chuo cha MIT, Howard Cannon alibuni mfumo wa objekti ulioitwa Flavors, yaani ladha. Jirani yao, mjini Somerville, Massachusetts, kulikuwa na duka la Steve's Ice Cream. Unachagua ladha ya msingi, kisha wanakuchanganyia karanga, biskuti au pipi. Ladha ya msingi ikawa klasi kuu. Vinavyochanganywa ndani yake vikawa miksini. Karanga peke yake si aiskrimu, na miksini peke yake haikusudiwi kutengenezewa objekti. Mawazo ya Flavors yaliingia baadaye kwenye CLOS, mfumo wa objekti wa Common Lisp, na kutoka huko yakasambaa.

Tatizo la almasi ni lipi?

Pwani yetu ndoa ya mtoto wa ami kwa mtoto wa ami si jambo geni. Tuseme mzee mmoja alikuwa na wana wawili. Mmoja akazaa mvulana, wa pili akazaa msichana, na hao wawili wakaoana. Mtoto wao akihesabu nasaba kwa upande wa baba anamfikia yule mzee. Akihesabu kwa upande wa mama anamfikia mzee yuleyule. Njia ni mbili, mzee ni mmoja, na kaburi lake ni moja.

Ukichora nasaba hiyo inafanana na almasi: mzee juu, matawi mawili ubavuni, mtoto chini. Kwenye programu, klasi A ina watoto B na C, na D anarithi kutoka kwa wote wawili. Maswali yanayozuka ni mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni la tabia: D akiita methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) ambayo B na C wote wameibadilisha, ipi ifanye kazi? La pili ni la data: vigeu vya A viwepo mara moja ndani ya D, au mara mbili?

La kwanza linatatulika kwa kanuni ya mpangilio. La pili ndilo lililowatesa watu, na kwa maoni yangu karibu sifa yote mbaya ya urithi huu imetoka huko.

C++ inamhesabu mzee mara ngapi?

Mara mbili, usipoiambia vinginevyo. Bjarne Stroustrup aliingiza urithi wa wazazi wengi kwenye C++ mwaka 1989, katika toleo la 2.0. Kwa kawaida D atakuwa na nakala mbili za data ya A, moja iliyokuja kupitia B na nyingine kupitia C. Ukitaka nakala moja, B na C lazima watamke neno `virtual` wanapomrithi A.

Mfano unautumia kila siku. Kwenye maktaba ya C++, `istream` ni ya kusoma, `ostream` ni ya kuandika, na `iostream` inawarithi wote wawili. Hao wawili wanamrithi `ios`, ambaye anatunza hali ya mkondo: kama kuna kosa lililotokea, na bafa, yaani hifadhi ya muda ya data, iko wapi. Fikiria kama kungekuwa na `ios` wawili ndani ya `iostream` moja. Usomaji ungegonga mwamba na kuandika kosa kwenye nakala ya kwanza, huku upande wa uandishi ukitazama nakala ya pili na kuona mambo ni shwari. Ndiyo maana urithi wa `ios` pale ni wa `virtual`.

Gharama yake ipo. Data ya mzee huyo haijengwi na B wala C, bali na klasi ya chini kabisa kwenye ukoo, kwa hiyo anayeandika D lazima amjue babu ambaye huenda hakutarajia kukutana naye. Na uamuzi wa kuandika `virtual` hufanywa na B na C, mapema, kabla D hajafikiriwa. Hapo nawaelewa kabisa wanaoichukia.

Python inaamuaje nani aitwe kwanza?

Inapanga foleni. Kila klasi ina orodha moja iliyonyooka ya mababu zake, na methodi inatafutwa kwa kufuata orodha hiyo kuanzia mwanzo. Kanuni ya kuipanga inaitwa C3. Ilibuniwa kwa ajili ya lugha ya Dylan, ikachapishwa mwaka 1996, na Python ikaichukua katika toleo la 2.3 mwaka 2003. Masharti yake yanaeleweka hata bila hisabati: mtoto hutangulia wazazi wake, na wazazi hufuatana kama ulivyowaandika kwenye mabano.

Sharti la kwanza linaonekana dogo mpaka ujue ilivyokuwa zamani. Klasi za kale za Python zilitafuta kwa kuzama: D, kisha B, kisha A, ndipo C. Babu alifikiwa kabla ya ami. Kama C alikuwa amerekebisha methodi ya A, marekebisho yake hayakuonekana kamwe. Chini ya C3 foleni ni D, B, C, A.

Tazama mfano huu:

```
class Muamala:
    def kamilisha(self):
        print("Muamala umekamilika")

class WekaDaftarini(Muamala):
    def kamilisha(self):
        super().kamilisha()
        print("Umeandikwa daftarini")

class TumaUjumbe(Muamala):
    def kamilisha(self):
        super().kamilisha()
        print("Ujumbe umetumwa kwa mteja")

class MalipoYaAda(WekaDaftarini, TumaUjumbe):
    pass

MalipoYaAda().kamilisha()
```

Itachapisha hivi:

```
Muamala umekamilika
Ujumbe umetumwa kwa mteja
Umeandikwa daftarini
```

Soma tena ile `super()` iliyo ndani ya `WekaDaftarini`. Aliyeiandika alikuwa na mzazi mmoja tu kichwani, `Muamala`. Lakini hapa haikwenda kwa `Muamala`. Imekwenda kwa `TumaUjumbe`, ndugu yake, ambaye huenda aliandikwa na mtu mwingine miaka miwili baadaye. `super()` haina maana ya "mzazi wangu". Ina maana ya "anayenifuata kwenye foleni ya objekti hii". Ukilishika hilo, mengi yaliyokuwa giza yanakaa sawa.

Sasa badilisha. Tuseme kila mmoja angemwita `Muamala.kamilisha(self)` kwa jina. `TumaUjumbe` angerukwa na mteja asingepata ujumbe. Ukijaribu kuponya hilo kwa kuwaita wazazi wote wawili kwa majina ndani ya `MalipoYaAda`, muamala utakamilishwa mara mbili, na mzazi wa mwanafunzi atakatwa ada mara mbili. Kwa `super()` muamala unapita mara moja tu.

Je, mpangilio wa wazazi kwenye mabano una uzito kiasi hicho?

Una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Django, `LoginRequiredMixin` huzuia ukurasa usifunguliwe na mtu ambaye hajaingia kwa nywila. Inafanya hivyo ndani ya methodi `dispatch`: inakagua kwanza, kisha inapitisha kwa `super()`. Matumizi sahihi ni haya:

```
class OrodhaYaWanachama(LoginRequiredMixin, ListView):
    ...
```

Wageuze wazazi, `ListView` atangulie. Python haitalalamika. Ukurasa utafunguka vizuri. Lakini `dispatch` itakayokutwa kwanza ni ile ya `View`, babu wa `ListView`, na hiyo haiiti `super()`. Foleni inakatika hapo. Mlinzi yupo kwenye orodha, jina lake limeandikwa, ila zamu haimfikii.

Nimewahi kukagua mfumo wa taasisi moja na kukuta ukurasa wa majina na namba za simu za wanachama uko wazi kwa dunia nzima kwa sababu hii. Majaribio yote yalikuwa yamepita, kwa kuwa kila jaribio lilianza kwa kuingia na akaunti. Marekebisho yalikuwa kubadilishana nafasi ya maneno mawili. Tangu siku hiyo, nikisoma msimbo wa Django naanza na mabano, na ukurasa wowote uliofungwa nauandikia jaribio la mtu asiye na akaunti.

Kanuni ya kazini: miksini kushoto, klasi ya msingi kulia kabisa.

Na kama foleni haipangiki?

Python inakataa kuunda klasi, papo hapo. Mathalani klasi moja imesema X atangulie Y, nyingine imesema Y atangulie X, nawe unataka kuwarithi wote wawili. Hakuna foleni inayowaridhisha, kwa hiyo utapata `TypeError`. Usihangaike kuizunguka. Tafuta nani kati yao hakuwa na sababu ya kuweka mpangilio aliouweka.

Kwa nini Java ilikataa?

James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems walitaka lugha nyepesi kuliko C++, na urithi wa wazazi wengi ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyaona yanaleta usumbufu kuliko manufaa. Java ilipotoka mwaka 1995, klasi iliruhusiwa mzazi mmoja, lakini violesura vingi upendavyo. Kiolesura kilikuwa ahadi tupu: mimi nitakuwa na methodi hizi. Hakikuwa na mwili wala data.

Ilidumu hivyo karibu miaka 20. Kisha wakataka kuongeza methodi kama `stream` na `forEach` kwenye violesura vya mikusanyo ambavyo tayari vilikuwa vimetekelezwa na programu nyingi mno. Kuongeza ahadi mpya kungezivunja zote. Java 8, mwaka 2014, ikaruhusu kiolesura kiwe na methodi yenye mwili. Kwa maneno mengine, urithi wa tabia kutoka kwa wazazi wengi ulirudi. Almasi nayo ikarudi, na kanuni zikawekwa: klasi hushinda kiolesura, kiolesura cha karibu hushinda cha mbali, na wakilingana, kompaila inakulazimisha uchague mwenyewe kwa kuandika `Jina.super.methodi()`.

Walichoendelea kukikataza ni vigeu vya objekti ndani ya kiolesura. Naona hapo Java ilifika mahali pazuri: ilitenganisha tabia na data, ikaruhusu ya kwanza na kuzuia ya pili. C# nayo ilifuata njia hiyo katika toleo la 8.0, mwaka 2019.

Itakuwaje wazazi wawili wakiwa na jina moja lenye maana mbili tofauti?

Kiswahili kinatupa mfano mzuri. Klasi `Nyumba` ina methodi `panga()`: mtu anachukua nyumba kwa kodi. Klasi `Orodha` nayo ina `panga()`: kuweka vitu kwa utaratibu. Unaandika `MtaaWaNyumba` inayowarithi wote wawili. Hapa kanuni ya foleni haikusaidii, kwa sababu swali si nani atangulie. Hizi ni kazi mbili zilizokutana jina kwa bahati, na unazihitaji zote. Python itachagua ya kwanza kimya kimya, na mtu aliyetaka orodha ifuate alfabeti atajikuta amekodi mtaa.

Eiffel ya Bertrand Meyer, lugha ya katikati ya miaka ya 1980, ililijibu hili vizuri kuliko zote. Unaporithi unatamka `rename`, na jina la mzazi linabadilika ndani ya mtoto: `panga` ya `Orodha` inakuwa `weka_utaratibu`, zote zinaishi. Nasikitika kwamba lugha zilizokuja kutawala soko hazikuichukua fikra hii. PHP ilikaribia mwaka 2012, toleo la 5.4, ilipoingiza treiti (furushi la methodi linalochanganywa kwenye klasi) pamoja na neno `insteadof` la kuchagua mshindi na `as` la kuipa methodi jina la pili.

Kwenye Python dawa ni kuyapa majina ya methodi za miksini urefu na uwazi, ili yasigongane tangu mwanzo.

Mwalimu alituambia tuweke objekti ndani ya objekti badala ya kurithi. Alikosea?

Hakukosea, na mara nyingi huo ndio ushauri ninaoutoa pia. Gari si aina ya injini. Gari lina injini. Ukilifanya `Gari` lirithi `Injini` ili tu uitumie methodi ya kuwasha, utajuta. Jaribio ni lilelile la siku zote: sema kwa sauti "D ni B" na "D ni C". Sentensi moja ikikwama kooni, usirithi.

Lakini kuweka objekti ndani kuna mpaka. Rudi kwenye `ThreadingMixIn`: inahitaji kuingia katikati ya mtiririko wa seva, pale ombi linapopokelewa, na kubadilisha hatua moja. Ukiifanya objekti ya ndani, seva lazima iwe imeandaliwa tangu awali kuikabidhi hatua hiyo. Kama mwandishi wa seva hakukuachia nafasi, miksini inakuingiza. Objekti ya ndani itabaki nje.

Go haina urithi wa klasi kabisa, na Rust haina pia. Watu wanaandika mifumo mikubwa kwa lugha hizo. Hilo linaonesha kwamba urithi wa wazazi wengi si wa lazima, na sijawahi kudai ni wa lazima.

Wazazi wangu wawili wana `__init__` zenye vigezo tofauti. Nifanyeje?

Kila `__init__` (methodi ya kuanzisha objekti) ichukue vigezo vyake kwa majina, na vilivyobaki ivipitishe mbele kwa `super().__init__(**mengine)`. Inafanya kazi ikiwa wote kwenye foleni wamekubaliana hivyo. Kama mmoja ni klasi ya maktaba ya nje isiyopitisha chochote, iweke mwisho kulia. Wakiwa wawili wa namna hiyo, mmoja wao muweke ndani kama objekti.

Naweza kurithi `int` na `str` kwa pamoja?

Hapana. Kila moja ina umbo lake kwenye kumbukumbu ya mashine, na maumbo hayo hayalazwi juu ya mwenzake. Python itakujibu kwa `TypeError`.

Nimekabidhiwa mradi wenye klasi ya wazazi saba. Nianzie wapi?

Usiguse kitu kwanza. Andika `print(JinaLaKlasi.__mro__)` na uichapishe foleni yote, maana wazazi saba huweza kuwa mababu 20. Pita juu mpaka chini ukiweka alama mbili kwa kila klasi: methodi zipi inazibadilisha, na je, kila moja inaita `super()`? Isiyoita ndiyo mwisho wa njia kwa methodi hiyo, na chochote kilicho nyuma yake kwenye foleni ni mapambo tu. Ukikuta miksini nyuma ya mwisho huo, iandikie jaribio kabla ya kuihamisha, kwa sababu huenda haijawahi kufanya kazi hata siku moja na watu wamezoea hivyo.

Kisha tafuta `self.` zinazopewa thamani. Miksini zinazoongeza tabia tupu ziache zilivyo. Ukiona mbili zinazoandika kwenye jina lilelile, tuseme `self.hali`, huku kila moja ikidhani ni yake peke yake, fungua faili hilo na uanze na hizo mbili.